Atomu Tatu Zinatosha

Mwandishi anayedai kwamba nihoniamu, elementi ya 113, haistahili jina kwa kuwa timu ya Kosuke Morita huko RIKEN, Japani, ilipata atomu tatu tu kati ya 2004 na 2012, anadhani ushahidi hupimwa kwa kibaba. La hasha! Viini vya zinki vilivurumishwa kwenye bismuthi. Protoni 30 na 83 zikaungana kuwa 113. Viini hivyo vipya havikudumu hata sehemu ya mia ya sekunde, lakini kuvunjika kwake kulipimika. Atomu ya tatu ilitoa chembe sita za alfa mfululizo, ikashuka hadi mendeleviamu, elementi ya 101 iliyojulikana tangu 1955. Mfuatano huo hauwezi kuwa bahati nasibu. Jina lililoidhinishwa 2016 ni haki yao.