Mambo ya Ofisini na Nyumbani: Nibu ya Kalamu Moja Kutiwa katika Nyingine

Katika nyumba nyingi za Kabianga na kando zake, ukifungua sanduku la hati za mzee, chini ya vyeti na risiti za majani chai, hukosi kukuta kalamu moja au mbili za wino. Zilinunuliwa zamani, wakati karani wa mizani na mwalimu wa shule walipoandika kwa wino kila siku, kabla ya kalamu za Bic kuenea. Aghalabu moja ina mwili mzima lakini nibu yake imepinda, na ya pili ina nibu njema lakini mwili umepasuka. Mwenye kuzirithi husema mara moja: nitaing'oa nibu hii niitie kule. Na vijana wa Chuo Kikuu cha Kabianga wanaonunua kalamu mpya za Kichina huwa na swali lilo hilo.

Jambo hili lawezekana kwa kalamu fulani. Kwa nyingine ni kuharibu kalamu mbili badala ya moja. Basi, kabla ya kushika koleo, yafaa kwanza kujua nibu hufanya kazi gani.

Wengi hudhani kwamba nibu ndiyo iletayo wino. Sivyo. Igeuze kalamu uitazame kwa chini, nawe utaona kipande cheusi kilicholala chini ya nibu, chenye mfereji mwembamba na pengine meno pembeni kama ya kitana. Hapa tutakiita ulimi. Ulimi ndio uletao wino. Nibu huupokea tu na kuufikisha kwenye karatasi kwa ufa wake. Kila wino ukitoka, hewa haina budi kuingia mahali pake. Aliyewahi kumimina mursik kutoka katika sotet ameyaona hayo: ukiinamisha kibuyu kwa ghafula, maziwa hutoka kwa kushtuka-shtuka, maana hewa na maziwa hugombania shingo moja. Mwaka 1884 Mmarekani Lewis Edson Waterman alipewa hataza ya ulimi wenye mifereji myembamba iliyopitisha wino kwa utaratibu huku hewa ikirudi ndani, na kanuni hiyo yafuatwa hata leo.

Ndiyo sababu nibu lazima iukumbatie ulimi barabara. Pakiwa na nafasi ya unene wa unywele baina yao, kalamu huandika maneno mawili ikakauka. Na kama nibu na ulimi vimelegea katika shingo ya kalamu, hewa huingia kupita kiasi na wino huanguka matone. Huku kwetu milimani dosari hii hujionyesha upesi. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kericho mita 2,000 hivi. Mtu akipanda gari Kisumu na kalamu iliyojaa nusu, hewa iliyo ndani yake hutanuka kadiri anavyopanda, ikausukuma wino nje. Ulimi uliokaa vema huushika katika meno yake; uliotiwa ovyo huumwaga katika mfuko wa shati. (Msafiri na aijaze kalamu pomoni, au aimwage kabisa, na aichukue ncha ikiwa juu.)

Sasa kalamu zenyewe. Bahati njema kuliko zote ni ya mwenye kukuta Esterbrook, kalamu ya Marekani. Nibu yake, ulimi wake na pete yake ni kitu kimoja chenye hesi. Huzungushwa tu kikatoka, na cha Esterbrook nyingine ya namna hiyo kikaingia. Tena nibu zina nambari. Zile zenye kuanza na 9 zina nukta ya madini magumu kwenye ncha, nazo hudumu. Zile za 1 au 2 ncha yake ni chuma chenyewe kilichokunjwa, basi huchakaa mapema. Nibu za Osmiroid, kalamu ya Uingereza, nazo huingia katika Esterbrook ijapokuwa makampuni ni mawili mbalimbali. Laiti wengine wangefanya hivyo!

Parker 45, iliyotokea mwaka 1960, nayo hufunguka kwa kuzungushwa, lakini nibu yake ni ya Parker 45 wenzake tu. Pelikan M200 na M400 hupokezana nibu bila taabu. Lamy Safari, ya tangu 1980, nibu yake huvutwa mbele ikateleza, na ulimi hubaki. Lakini Parker 51 ya mwaka 1941, ambayo nibu yake imefichwa ndani ya kofia, usiiguse: kofia hiyo imegandishwa kwa lakiri ya shelaki, na mtu asiyeijua huivunja. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa kalamu za siku hizi utasikia watu wakitaja nibu ya nambari 6. Viwanda vya JoWo na Bock vya Ujerumani huzitengenezea kampuni nyingi, na nibu tupu yaweza kuingia hata katika Jinhao fulani za Kichina. Ila hesi za JoWo si hesi za Bock, wala nambari ya kiwanda cha kale si lazima iwe sawa na ya kingine. Usipime urefu wa nibu; linganisha upindo wake na mviringo wa ulimi.

Ukikata shauri kuitoa, iloweke shingo ya kalamu usiku mmoja katika maji baridi. Maji ya moto huharibu kalamu za kale. Koleo usitumie kamwe. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ushike nibu na ulimi pamoja, uzungushe kinyume cha saa ikiwa ni ya hesi, au uvute wima ikiwa imechomekwa. Kabla ya hapo tia alama ya mahali nibu ilipofikia. Unapoirudisha, ufa wa nibu uwe juu ya mfereji wa ulimi, si kando yake hata kidogo.

Kisha andika ukurasa mzima, si jina lako tu; makosa hujificha katika mistari ya kwanza. Na ikiwa nibu mpya ni nene kuliko ya kwanza, saini yako nayo itabadilika sura. Karani wa benki huilinganisha na ile uliyoiweka zamani, basi ijaribu kwenye karatasi ya bure kabla ya kuandika hundi.

Nibu iliyotolewa isitupwe, hata ikiwa imepinda, maana mafundi wanyooshao nibu wapo. Ikunje katika karatasi, andika juu yake jina la kalamu ilikotoka, uirudishe katika sanduku la mzee.