Tairi Lichaguliwe kwa Njia, Si kwa Sura

Gari la idara linapoondoka Bombambili, mjini Songea, huanza safari yake juu ya lami. Likielekea Njombe, Tunduru au Mbamba Bay, laweza kukanyaga lami mwanzo hadi mwisho. Lakini kazi ya umma haiishii kandokando ya barabara kuu. Shule nyingi na zahanati ziko ndani, ambako njia ni za udongo, na katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, udongo huo hugeuka tope. Kwa hiyo, uchaguzi wa matairi ya gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne si jambo la mafundi peke yao. Ndilo linaloamua kama chanjo itafika kijijini, na kama mama mjamzito atafikishwa hospitali kwa wakati.

Matairi ya magari hayo ni ya aina tatu. Yapo ya lami, yenye mikato myembamba. Hayo ni matulivu na hudumu, lakini tope huyajaa upesi yakateleza. Yapo ya tope, yenye meno makubwa yaliyoachana. Hayo hujinasua kwenye matope, lakini juu ya lami hupiga kelele, huisha haraka, na breki zake si za kutegemewa lami inapolowa. Katikati yako matairi ya njia zote. Kwa gari linalokwenda lami kilomita nyingi na kumalizia safari katika udongo, aina hii ya tatu ndiyo inayofaa.

Hata hivyo, makosa mawili hurudiwa mara kwa mara. La kwanza ni la kupenda sura. Mtumishi hununua matairi makubwa ya tope kwa gari ambalo halitoki mjini, kisha hushangaa mafuta yakiliwa na kipimo cha mwendo kikidanganya. La pili ni la kupenda bei ndogo. Chukua mfano: tairi la shilingi 400,000 likiisha baada ya kilomita 25,000, kila kilomita imegharimu shilingi 16. La shilingi 600,000 likifika kilomita 50,000, kila kilomita imegharimu shilingi 12. Lililoonekana ghali dukani ndilo rahisi barabarani.

Aidha, tairi lina maandishi ubavuni, na mtu anayejua kusoma hana sababu ya kudanganywa. Katika 265/65R17 112S, tarakimu 112 huonyesha kwamba tairi hilo hubeba kilo 1,120, na herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho katika mstari wa DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi si jipya, hata kama halijakanyaga ardhi. Kadhalika, matairi manne hayana budi kuwa ya kipimo kimoja na yaliyochakaa kwa kiasi kinacholingana, la sivyo mitambo inayogawa nguvu kwa magurudumu huharibika.

Uchaguzi mwema nao hubatilishwa na uzembe. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, na tairi la akiba lisisahauliwe. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji katika muongo wa 2000, na tangu hapo matairi mengi hutoka nje ya nchi. Kila tairi linalochakazwa ovyo ni fedha za kigeni zilizotupwa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi wanaoandika maombi ya ununuzi hawajapata kulisukuma gari kwenye tope, na dereva aliyelisukuma haulizwi. Haifai kuendelea hivyo. Kabla ya hati kutiwa sahihi, dereva aeleze ni njia zipi gari hupita na kwa mzigo gani, na daftari la safari lionyeshe kilomita za lami na za udongo. Hapo tairi litachaguliwa kwa haki, na gari litafika lilikotumwa.