Mvua ya Ulaya inasafiri, ya kwetu inapikwa hapa hapa



Kila msimu wa mvua swali moja linarudi katika vikao vyetu: ndugu zetu walio Ubelgiji wanasema kule dhoruba inatangazwa siku mbili tatu kabla. Sisi huku Bukavu, asubuhi anga ni safi, saa tisa mtoto anatoka masomo akipigwa na mvua ya mawe. Kwa nini hatuambiwi mapema? Jibu ni kwamba dhoruba zenyewe hazifanani.

Ulaya, hewa baridi ya kaskazini inakutana na hewa ya joto ya kusini. Ile baridi ni nzito, inaingia chini ya ile ya joto na kuisukuma juu. Mvua inanyesha kufuata mstari wanapokutana. Baada ya vita vya 1914-1918, Vilhelm Bjerknes na wenzake huko Bergen, Norwei, waliuita mstari huo «front», kama mstari wa majeshi vitani. Unaweza kuwa na urefu wa kilomita mia nyingi, nao mara nyingi unatoka bahari ya Atlantiki kuelekea mashariki. Anayeuona leo baharini anaweza kuwaonya watu wa Brussels wajiandae kesho.

Kwetu karibu na ikweta, hewa ya kaskazini na ya kusini zina joto karibu sawa. Mstari wa namna hiyo hakuna. Jua linachoma udongo, unyevu unapanda toka ziwani, mashambani na msituni, milima inausukuma juu, na ndani ya saa moja tu wingu linaweza kufika urefu wa kilomita 15. Ndiyo maana Bagira inalowa na Panzi inabaki kavu. Usiku mambo yanageuka: milima inapoa upesi, ziwa linabaki na joto, na dhoruba inaweza kuzaliwa juu ya maji. Wenye kuvuka na mtumbwi usiku wakumbuke hilo.

Radi nazo ni nyingi kwetu. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba katika Afrika yote, mahali pa kwanza kwa radi ni karibu na Kabare: miale kama 205 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba.

Basi redio ikisema «leo dhoruba inawezekana», haiwezi kututajia kilima wala saa. Kazi inayobaki ni ya macho na masikio yetu:

– Wingu jeupe likipanda juu kama povu la sabuni, na chini likawa jeusi, acha shamba, rudi.

– Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia. Ita watoto ndani. Wasitoke mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

– Usijikinge chini ya mti wala katika kibanda kisicho na kuta. Chomoa telefone kwenye umeme.

– Usivuke bonde la mto mvua ikiwa milimani, hata kama kwako ni manyunyu tu.

Hili la mwisho tulilipia sana. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Mvua ilinyesha kwa nguvu, mito ikateremsha mawe, matope na miti juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa.

Katika kikao cha wiki hii, kila kikundi kipange mambo mawili: nani atawaita watoto walio njiani ngurumo ikianza, na nani atapita kuwaamsha majirani wanaolala kando ya mto ikinyesha usiku. Muandike majina kwenye daftari ya kikundi, kila mtu ajue zamu yake.