Majaruba ya Chumvi na Wanyama wa Saadani

Mama mmoja wa upande wa Pangani ametuletea barua juu ya mwanawe. Kijana huyo, asema, kila kiangazi huenda Saadani kufanya kibarua cha chumvi, na arudipo nyumbani hana habari nyingine ila za wanyama: siku moja kaona twiga, siku ya pili kaona kuro, siku ya tatu kaamka mapema kwenda kutazama ndege. Mama ataka kujua mambo mawili. Kwanza, je, huko si kupoteza wakati katika upuuzi? Pili, mwaka huu kijana amekuja na nyama kavu ndani ya mfuko, naye hakuthubutu kuitia chunguni mpaka apate jawabu.

Twamshukuru mama yetu kwa kuuliza. Swali la pili ndilo zito, walakini twaanza na la kwanza, kwani nasi katika ujana wetu tuliwahi kusukuma toroli za chumvi katika pwani hiyo hiyo, na twajua kijana huyo aona nini.

Saadani ipo baina ya Bagamoyo na Pangani, yaelekea Unguja, na pori lake lakutana na Bahari ya Hindi. Siku zetu ilikuwa pori la akiba. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na eneo lake ni yapata kilomita za mraba 1,100. Upande wa kaskazini palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, ranchi ya Mkwaja, ambayo mbung'o waliisumbua miaka mingi mpaka ikafungwa mwaka 2000. Palipolishwa ng'ombe kwa gharama kubwa, leo kongoni ajilisha mwenyewe.

Ama kazi ya chumvi, maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, kisha huhamishwa kutoka jaruba hata jaruba, jua na upepo vikiyapunguza, mpaka chumvi igande chini. Hapo ndipo vibarua wakwanguapo, wakarundika, wakasukuma. Ni kazi ya kiangazi tu, kwani mvua ikinyesha yaweza kuyeyusha jasho la mwezi mzima. Mchana nuru hurudi machoni kutoka katika weupe ule kama moto. Lakini maji hayo hayo machungu ndiyo yawaitao heroe. Huja makundi kwa makundi, wakainamisha vichwa juu chini, wakachuja maji kwa midomo yao. Na rangi yao ya waridi watoka nayo katika chakula hicho, hawazaliwi nayo.

Aliyeamka kambini kwa sala ya Alfajiri yupo mahali pema kuliko mgeni aliyelipa fedha nyingi na bado amelala. Saa ile wanyama watoka majini au waenda majini. Tohe akishtuka hupiga mbinja kabla hujamwona. Kuro utamjua kwa duara jeupe la nyuma, kana kwamba amekalia chokaa mbichi. Ukienda upepo ukikupiga usoni, mnyama hapati harufu yako. Na kando ya mto Wami asisimame mtu baina ya kiboko na maji, hata kama kiboko huyo aonekana mzito na mvivu. Mwenye kutaka kuingia hifadhini aingie kwa ruhusa. Na pembezoni mwa majaruba pekee pana mengi ya kumtosha mwenye macho.

Je, ni upuuzi? Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu atujulisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu. Sisi hatuoni vipi kijana aliyekwenda kuutazama umma huo baada ya sala yake, na kabla ya saa ya kazi, ataitwa mpuuzi.

Sasa nyama. Hapa yatupasa kusema jambo ambalo hatukuwahi kuliandika.

Msimu mmoja mwenzetu wa kambini alizoea kutuletea nyama ya tohe. Tulimwuliza kama imechinjwa, akaapa kwamba imechinjwa, nasi kwa uroho tukala, tena tukamsifu. Alfajiri moja, tukifuata nyayo za kuro, tulisikia nzi kabla ya kuona kitu. Tohe jike alikuwa amelala chini ya mti, waya wa chuma umezama shingoni, ulimi nje, tumbo limefura. Tukajificha tukangoja. Mwenzetu akaja na kisu. Akasema Bismillahi kwa sauti, akapitisha kisu katika shingo ya mfu, na damu haikuruka. Jioni akatuletea paja.

Hatukula. Lakini pia hatukusema. Tulimwonea haya, na tuliwaonea haya wenzetu tuliokula nao. Siku ya tatu tukamwambia mzee mmoja wa kambi, naye hakutulaumu kwa maneno mengi, alituuliza tu, "Na siku hizi tatu, wenzenu wamekula nini?"

Mnyama aliyekufa kwa kunyongwa ametajwa miongoni mwa vilivyoharamishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3. Ni kibudu, na Bismillahi haimfufui. Akikutwa bado ana uhai thabiti akachinjwa, hapo si kibudu. Lakini nani katika wauzaji hao atakuambia alimkuta saa ngapi? Na nyama ikishachunwa na kukaushwa, nani ajuaye kama ni ya tohe au ya ngiri? Tena ndani ya hifadhi kuwinda kumekatazwa, na nje yake hapawindwi pasipo kibali.

Wapo wasemao kwamba kuzuia watu wasiwinde ni mambo ya kigeni. Hao wamesahau kwamba Mtume (S.A.W.) aliufanya Madina kuwa haram, wanyama wake wasikimbizwe na miti yake isikatwe, na kwamba aliwaamrisha masahaba wamrudishie ndege makinda yake waliyoyachukua safarini. Wanakijiji wenye madai juu ya mipaka ya ardhi zao wana haki ya kusikilizwa. Waya wa mtego hauwapi ardhi yao.

Kwa hiyo, mama yetu, mwulize mwanao kwa upole, mkiwa wawili tu: aliinunua kwa nani, na je, alishuhudia ikichinjwa? Ikiwa hakushuhudia, wala hakuipata kwa muuzaji mwenye kibali, basi izikwe, na mfuko uoshwe. Usimtukane, sisi tulikuwa wakubwa kuliko yeye na tulikula. Lakini mwulize pia kama wenzake wa kambini wangali wanainunua nyama hiyo, na kama amewaambia.

Na msimu ukimalizika, apite kwetu madrasani na hesabu ya heroe aliowaona. Sisi mwaka wetu wa mwisho tulihesabu mara tatu, na mara zote tatu wakaruka kabla hatujamaliza.