AJALI INA KINGA



Malipo ya korosho yameanza kuingia, na kila yanapoingia pikipiki mpya nazo zinaingia kijijini. Sisi hatuzipingi pikipiki. Pikipiki inampeleka mama mjamzito zahanati usiku, inafikisha salfa shambani, inampatia kijana ugali wake. Anayetaka turudi kwenye baiskeli huyo hatuko naye. Tunachopinga ni hiki: pikipiki inanunuliwa Jumatatu, Jumanne kijana anaonyeshwa gia nyuma ya ghala, Alhamisi yuko kijiweni anapakia watu. Akianguka akavunja mguu wake na wa abiria, tunakusanyika, tunatikisa vichwa, tunasema: "Ajali haina kinga."

Neno hilo leo tunalikataa hadharani. Mti uliooza kwa ndani ukimwangukia mpita njia, hiyo sawa, ni ajali. Lakini mtu asiyejua breki akipewa chombo cha kukimbia, akaua, hiyo siyo ajali. Ni uzembe. Na uzembe una mwenyewe.

Mwenyewe ni nani? Wengi wanamnyooshea kidole kijana. Eti vijana wa siku hizi wana haraka, hawasikii. Wako wa namna hiyo, hatukatai. Lakini hebu tuulizane: nani kampa ufunguo? Nani anadai hesabu kuanzia siku ya kwanza, kijana awe anajua au hajui? Tajiri akishika hesabu yake jioni haulizi imepatikana kwa mwendo gani. Chombo kikianguka, pikipiki inapelekwa kwa fundi, kijana anapelekwa kwa mama yake. Kula jasho la mtu halafu kumwachia mama yake mifupa, jambo hilo lina jina lake la zamani. Ni unyonyaji.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua kujifunza ni nini. Mwalimu wa kisomo alianza na a, e, i, o, u. Hakuna aliyepewa barua aisome mbele ya mkutano siku ya pili. Herufi ikikosewa ubaoni ilifutwa, ikaandikwa upya. Barabarani hakuna kifutio. Kwa hiyo makosa ya mwanafunzi wa pikipiki yafanyike uwanjani, siyo barabarani na mtu kakaa nyuma yake.

Tena jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani mtaalamu mmoja, Harry Hurt, pamoja na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki katika mji wa Los Angeles, na taarifa yao ilitoka mwaka 1981. Waliona kwamba kati ya kila waendeshaji 100 waliopata ajali, 92 hawakufundishwa rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na rafiki. Na zaidi ya nusu walikuwa na pikipiki ile waliyoangukia kwa muda usiofika miezi 5. Hao ni watu wa nchi tajiri yenye lami. Sisi wa mchanga na tope tunajiona tuna dawa gani?

Basi mwanafunzi ajifunze nini? Tunataja machache.

Breki kwanza. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, ya nyuma iko mguu wa kulia. Vijana wengi wanaiogopa ya mbele, wanakanyaga ya nyuma tu. Kumbe kwenye ardhi ngumu ya mbele ndiyo inayosimamisha chombo zaidi, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unakwenda mbele. Itumie pamoja na ya nyuma, uibane polepole, usiinyakue. Kwenye mchanga au tope ni kinyume: punguza mwendo kabla hujaingia, shika usukani unyooke, breki ya mbele usiikamate kwa nguvu. Kona nayo ni hivyo hivyo. Breki inafungwa kabla ya kona, siyo ndani ya kona.

Pili mwendo. Ukiwa kwenye kilometa 60 kwa saa, kila sekunde moja unapita karibu mita 17. Ukitamka "Mama yangu!" umeshamfikia mtoto anayevuka. Na ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilometa 50, na penye watoto na mbuzi hata hizo ni nyingi.

Tatu mzigo. Aliyezoea kuendesha peke yake hajajua bado kuendesha na abiria. Chombo kinakuwa kizito kugeuka na kizito kusimama. Mishikaki ni marufuku, na gunia juu ya tangi linazuia usukani.

Nne pombe. Msimu wa korosho ndio msimu wa uraka. Anayekunywa na aendelee kukaa, ufunguo akabidhi mwenzake.

Tena tusisahau kalenda. Kwetu kusini pesa za korosho zinakuja wakati mvua nazo zinaingia. Chombo kipya, dereva mpya, utelezi mpya, vyote kwa mwezi mmoja. Na mvua ya kwanza juu ya lami ndiyo mbaya zaidi, maana vumbi na mafuta yaliyoganda barabarani yanageuka kama sabuni.

Sasa tusikie wanaopinga. Wa kwanza anasema kofia ngumu ina joto, na abiria wanaogopa mba. Tunamjibu: kitambaa chepesi kichwani kinazuia mba. Ubongo hauna kitambaa. Uchunguzi uliokusanya kazi za wataalamu wengi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kofia ngumu inapunguza kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69, na kufa kwa asilimia 42. Lakini iwe kofia ya pikipiki, siyo ile ya mafundi ujenzi, na mkanda ufungwe kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye kioo inakinga kioo. Na iliyokwisha kupigwa chini kwa ajali isitumike tena, hata kama kwa nje inang'aa.

Wa pili anasema, "Nikimweka kijana uwanjani mwezi mzima, hesabu yangu nani atalipa?" Tunamuuliza: ng'ombe wa kulimia unamfunza siku ngapi kabla hujamtia shambani? Mkorosho uliungoja miaka mingapi ukupe korosho? Mbona mkorosho unangojwa, mtoto wa mwenzio hangojwi?

Wa tatu anasema, "Mimi nilijifunza siku mbili na niko hai." Ni kweli, uko hai. Waliojifunza siku mbili wakafa hawawezi kuja kubishana na wewe.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu wa Ushirika tutaomba haya yajadiliwe na yapigiwe kura.

Kwanza, mwanachama anayekopa kwa ajili ya pikipiki, mkopo wake uhesabu na kofia mbili, ya dereva na ya abiria, pamoja na gharama ya mafunzo na leseni. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Leseni siyo jambo geni.

Pili, mwanafunzi akae uwanja wa mpira wiki nne, jioni kwa jioni, chini ya dereva mwenye leseni. Asipande lami wala asipakie mtu mpaka afunge breki mbele yetu bila kuanguka, na akate kona bila kuweka mguu chini.

Tatu, tajiri asidai hesabu ndani ya wiki hizo.

Nne, deiwaka asipewe chombo kijiweni mpaka viongozi wa kijiwe wameona leseni yake.

Tunajua wako watakaonuna, na wengine ni watu wazito hapa kijijini. Wanune. Mtu akinuna atacheka kesho, lakini kijana tuliyemzika hatumfukui. Wanachama njooni mkutanoni, hasa akina mama, maana ninyi ndio mnaouguza. Msiwaachie wenye pikipiki peke yao wapige kura.

Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Karatasi hii isibanduliwe kabla ya mkutano.

Ajali ina kinga, na kinga yenyewe ni sisi.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji.