Kioo cheusi kisitukatishe tamaa

Majuzi niliweka Linux, mfumo usiolipiwa, katika kipakatalishi kikuukuu cha shule. Nilipokiwasha, kioo kikawa cheusi tititi. Wenzangu wakanidhihaki kwamba rahisi ni ghali. Sikukubali. Niliongeza neno moja, nomodeset, katika amri za kuwashia, ili mfumo usijipangie kioo wenyewe. Kikang'aa, nami nikapata wasaa wa kutafuta kiendeshi kifaacho.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haifichi msimbo wake. Mara nyingi wenye lawama ni watengenezaji wanaoficha siri za vipuri vya michoro, waandishi wa viendeshi wakabaki kubahatisha.

Walimu wenzangu, tusiwafunze wanafunzi kubofya tu. Tuwafunze kuchunguza kiini cha hitilafu. Kuuliza si ujinga.