MATEMBEZI YETU YAWE YA HIARI



Nimeomba nafasi kwenye ubao huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalosemwa sana hivi sasa, yaani kikundi cha matembezi. Wote mnajua wapo wenzetu wachache, wengi wao watu wa makamo na wazee, wanaotembea pamoja asubuhi mara mbili kwa wiki kwa ajili ya afya. Hakuna aliyewatuma. Wamejianzia wenyewe.

Sasa yametokea mawazo kwamba kikundi hiki kichukuliwe na ofisi. Eti kila kaya itoe mtu, asiyefika atozwe faini, na mgeni mkubwa akija basi wanamatembezi wajipange barabarani kumpokea. Jambo hili litaletwa kwenye mkutano wa kijiji. Wengine wanadhani kwa kuwa mimi ni Katibu wa Chama nitaliunga mkono. Siliungi mkono, na sababu zangu ni hizi.

Nianze na wale wanaocheka. Wanasema, "Sisi ni wakulima, tunatembea kutwa nzima, matembezi ya nini tena?" Ni kweli, mtu anayekwenda shamba na kurudi na jembe begani hana haja ya kufundishwa kutembea. Lakini hebu tutazame vizuri. Siku hizi ni wangapi wanapanda bodaboda hata kwenda shamba? Mwenye duka anakaa kutwa. Fundi cherehani anakaa kutwa. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kiti na daftari. Tena yupo mzee aliyeacha jembe kwa sababu ya magoti. Watoto wake wamekwenda Sumbawanga au Mpanda kutafuta maisha. Yeye anakaa mlangoni tangu asubuhi mpaka jua linazama, wa kumsemesha hana. Presha inamsumbua, na upweke nao unamsumbua. Mzee huyo akipitiwa na wenzake asubuhi, wakamwambia "Twende taratibu", siku yake imebadilika.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo humo. Gawanyeni wenyewe: ni nusu saa kwa siku tano. Haihitaji kiwanja wala viatu vya bei.

Sasa nije kwenye amri. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka kwao Butiama kwa miguu mpaka Mwanza, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU na kuunga mkono Azimio la Arusha. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na alitumia siku nane. Angeweza kupanda gari. Alitembea yeye mwenyewe kwanza. Funzo langu hapo ni kwamba kiongozi wa matembezi ni yule anayetembea. Anayebaki ofisini na kuandika majina ya wasiofika, huyo ni karani tu.

Halafu Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati ule akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Ni wazo zuri sana. Lakini mkubwa wa serikali anaweza kututangazia siku tu, hawezi kuja Milepa kumgongea mlango mzee jirani yako. Kazi hiyo ni ya jirani, na jirani haifanyi vizuri kwa kuogopa faini. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Mkiweka faini, atakuja mwenye nguvu anayeogopa kulipa, na mgonjwa tuliyemkusudia atajificha ndani.

Na hili la kupokea wageni, tusidanganyane. Siku wanamatembezi watakapopangwa barabarani na kuvishwa sare ya Chama, kikundi kimekufa. Nasema hivyo nikiwa Katibu. Kikundi hiki ni cha mwenye chama chochote na asiye na chama, Mkatoliki, Mlokole na Mwislamu, mkulima na mfugaji. Tena hapo kwa mkulima na mfugaji nasimama kidogo. Sisi na wafugaji mara nyingi tunakutana wapi? Tunakutana ng'ombe wakishaingia shambani, mbele ya baraza, kila mtu amekasirika. Watu waliokwisha kutembea pamoja asubuhi na kuulizana habari za watoto, hata wakigombana mchana wanajua pa kuanzia kuongea. Faida hiyo hatutaipata kwa kuwapanga watu kama gwaride.

Lakini hiari siyo ovyo ovyo. Kitu cha kujitolea kisipokuwa na utaratibu kinakufa mapema. Kwa maoni yangu utaratibu uwe huu:

1. Waongozaji wasiwe mmoja. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika, na kufika 1975 walibaki 39. Kazi ile kubwa ilifanywa sana na walimu wa kujitolea. Mimi nimesoma ukubwani, miaka mingi baadaye, katika darasa la jioni, na nimeona kwamba darasa lenye mwalimu mmoja hufa siku mwalimu akiugua. Basi waongozaji wawe wanne, wapokezane kila mwezi.

2. Kila safari mwongozaji mmoja awe mbele na mmoja awe nyuma kabisa. Yule wa nyuma ndiye mkubwa. Mwendo uwe wa yule mwenye miguu mizito. Kipimo chake ni rahisi: ukitembea na bado unaweza kuongea, mwendo ni wa kadiri. Ukishindwa kuongea, umezidisha.

3. Mgonjwa asione aibu kusema. Mwaka ule ule wa 1967 taifa lilipata msiba, kijana Seti Benjamin alipofariki akiwa katika matembezi ya kuunga mkono Azimio. Matembezi si mchezo, mtu lazima aangaliwe. Mwenye presha, sukari au moyo aulize kwanza kwa wahudumu wa afya. Akisikia kifua kinabana au kizunguzungu, wote wasimame. Hakuna kumwacha mtu njiani.

4. Saa na njia. Sisi tuko bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, wala hatuna baridi ya Sumbawanga mjini. Jua likipanda ni adhabu. Kwa hiyo iwe asubuhi, lakini kumekwisha pambazuka. Mtu asipite kando ya maji gizani. Viboko hutoka usiku kula majani, na mamba mnawajua. Barabarani tutembee upande wa kulia, tuzione gari na pikipiki zinazotujia, tena kwa mstari mmoja. Kila mtu abebe maji yake ya kunywa.

5. Tufuate kalenda ya shamba. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna mpunga, wenye nguvu wako shambani, na hiyo ndiyo mazoezi yao. Wazee waendelee na njia fupi. Mvua ikinyesha na tope kushika miguu, tupumzike bila lawama. Na siku zisiwe za ibada wala za mnada.

6. Kina mama wasiongezewe mzigo. Wao tayari wanatembea na ndoo na kuni kichwani. Nimesikia mtu anapendekeza kina mama wawapikie chai wanamatembezi. Hapana. Anayetaka chai akanywe kwake. Mama akija kwenye matembezi aje mikono mitupu, apumzike na mzigo. Tena saa ipangwe na wao, maana wao ndio wenye kazi nyingi asubuhi.

7. Kusiwe na kiingilio. Pakiingia fedha pataingia mweka hazina, na pakiingia mweka hazina pataingia maneno. Daftari liwepo moja, la majina na la ndugu wa kuitwa mtu akipatwa na shida. Lisiwe la mahudhurio. Asiyeonekana mara mbili mfululizo, mmoja wetu apite kwake kumjulia hali. Labda anaumwa. Kumpitia huko ndiyo faini yake.

Ofisi na ushirika tusaidie kwa yale tunayoweza: baraza ya ghala iwe mahali pa kukutania, ubao huu uwe wa matangazo ya njia na siku, na mhudumu wa afya aombwe kuja mara moja moja kupima presha. Basi. Mengine tuwaachie wenyewe.

Naomba siku ya mkutano tusipitishe faini wala amri ya kila kaya. Mwenye maoni tofauti aandike naye, karatasi yake ibandikwe hapa hapa kando ya hii, watu wasome zote mbili wapime. Na anayetaka kutembea asingoje mkutano. Ampitie jirani yake mmoja aliyekaa ndani siku nyingi, waje wote wawili.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi, Milepa